Sanduku la muziki la kujitengenezea: lapokea sarafu za nchi mbili, laweka hesabu ya kila wimbo

Na Mwandishi Wetu

BAA, hoteli na saluni za mipakani zina ugomvi mmoja wa kila jioni: nani achague wimbo. Dereva wa lori aliyelala Mutukula akisubiri karatasi zake anataka rumba ya Kongo. Kijana wa bodaboda anataka Bongo Fleva. Mzee aliyevuka kutoka ng'ambo kuja kununua ndizi anataka kadongo kamu. Muziki wenyewe unatoka kwenye simu ya mhudumu, na simu ikipigwa, muziki unakatika.

Dawa ya ugomvi huo ni ya zamani. Ni jukiboksi, sanduku la muziki linalopiga wimbo baada ya mteja kutumbukiza sarafu. Zamani lilikuwa chombo kikubwa kilichoagizwa kutoka ng'ambo. Leo fundi redio na seremala wa mjini kwako wanaweza kulitengeneza kwa kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, kioo cha kugusa, amplifaya, spika na mbao. Anayelimiliki anaweza kuliuza, kulikodisha kwenye sherehe, au kuliweka kwenye baa ya mwenzake wakagawana mapato.

Nyaya si sehemu ngumu ya kazi hii. Sehemu ngumu ni hesabu: sarafu zilizoingia, nyimbo zilizopigwa, ushuru wa vifaa na haki ya mwanamuziki. Mfanyabiashara anayeipanga hesabu hiyo tangu mwanzo anapata chombo cha kazi. Asiyeipanga anapata kabati zuri lenye taa.

Kutoka santuri hadi kompyuta

Sanduku la kwanza la kulipia muziki kwa sarafu liliwekwa Novemba 23, 1889, katika baa ya Palais Royale mjini San Francisco, Marekani. Louis Glass na mwenzake William Arnold walichukua fonografu ya Edison, wakaifunga ndani ya kabati na kuitolea mirija minne ya kusikilizia. Kila mrija ulikuwa na tundu lake la sarafu ya senti tano. Hapakuwa na amplifaya wakati huo, kwa hiyo wasikilizaji waliweka mirija masikioni.

Masanduku ya umeme yenye sauti ya kujaza ukumbi mzima yalikuja miaka ya 1920. Mwaka 1946 kampuni ya Wurlitzer ilitoa modeli 1015, yenye nyimbo 24 na mirija ya rangi iliyopandisha mapovu, na ikauza zaidi ya masanduku 56,000. Miaka michache baadaye Seeburg ilileta sanduku la nyimbo 100. Mwaka 1998 kampuni ya TouchTunes ilianza kuweka masanduku ya kidijitali, yasiyo na santuri hata moja.

Kilichowafungulia njia mafundi wadogo ni kompyuta ya ubao mmoja. Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, ilianza kuuzwa Februari 2012 kwa dola 35 za Marekani. Ukubwa wake ni kama kadi ya benki. Mwaka 2015 watengenezaji walitoa kioo chake cha kugusa cha inchi 7. Tangu hapo mtu mwenye bisibisi, chuma cha kulehemu na uvumilivu anaweza kujenga kile ambacho zamani kilihitaji kiwanda.

Kilichomo ndani

Orodha ya vifaa ni fupi: kompyuta ndogo, kioo cha kugusa, kadi ya sauti ya USB, amplifaya ya volti 12, spika mbili, kipokea sarafu, na flashi au diski ya kuhifadhia nyimbo. Anayetaka kujaribu kwanza bila gharama anaweza kutumia kompyuta kuukuu iliyolala nyumbani na kipanya chake. Programu ni zilezile, na kioo kinaweza kuja baadaye.

Usinunue kioo kidogo kwa kubana pesa. Inchi 7 zinatosha kwa saluni. Kwenye baa yenye mwanga hafifu na vidole vilivyolowa bia, inchi 10 au zaidi zinapunguza makosa. Vioo vingi vya sasa huhisi ngozi ya kidole, kwa hiyo fundi asivifunike kwa kioo kingine kinene cha kuvikinga. Vikifunikwa hivyo, huacha kusikia. Kiwekwe kwenye kimo cha kifua cha mtu aliyesimama, kikiwa kimelala nyuma kidogo. Vitufe viwe vikubwa, na kila msanii awe na picha yake, kwa sababu si kila mteja husoma haraka.

Kadi ya sauti ya USB ni kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa. Tundu la sauti lililo kwenye baadhi ya modeli za Raspberry Pi hutoa mvumo unaosikika wazi ukipitia amplifaya kubwa, na modeli ya tano haina tundu hilo kabisa.

Programu hazinunuliwi. MPD, Mopidy, Volumio na Kodi zote zinapatikana bure. Kwa sanduku la sarafu, MPD au Mopidy inafaa zaidi, kwa kuwa hukaa nyuma na kupanga nyimbo kwenye foleni, huku programu nyingine ndogo ikisimamia kioo na pesa. Programu hiyo ndogo ndiyo kazi ya kijana wako anayejua kompyuta. Isome ishara ya sarafu, iongeze salio, ipunguze salio mteja anapochagua wimbo, kisha iandike kila tukio kwenye faili. Akiiandika kwa lugha ya Python, kazi hiyo haizidi kurasa chache.

Muagize pia aweke kanuni za ukumbi. Wimbo mmoja usirudiwe kabla ya saa moja kupita. Foleni ionekane kwenye kioo, ili mteja ajue wimbo wake ni wa ngapi. Mteja asiweze kutoka kwenye ukurasa wa nyimbo na kuingia kwenye mipangilio. Na pasipokuwa na aliyelipia, sanduku lipige muziki wa taratibu wenyewe, kwa sababu baa iliyo kimya haiiti mtu.

Nyimbo nazo zinahitaji kusafishwa. Rumba iliyorekodiwa miaka ya 1970 ina sauti ya chini kuliko wimbo wa juzi, na mhudumu hatasimama usiku kucha akipandisha na kushusha. MPD inaweza kutumia vipimo vya ReplayGain, njia ya kusawazisha sauti ya nyimbo zote. Kwa majina yaliyokosewa, programu ya bure ya MusicBrainz Picard husaidia kurekebisha jina la wimbo na la msanii. Wimbo ulioandikwa "Track 07" hautaleta sarafu hata kama ni mtamu namna gani.

Nafasi haina shida. Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa MP3 ya kilobiti 192 hula megabaiti zisizofika sita, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 64 inabeba nyimbo zaidi ya 10,000. Usizijaze. Mteja aliyesimama mbele ya nyimbo 10,000 hachagui. Nyimbo 500 au 600 zilizochaguliwa vizuri, zikabadilishwa kidogo kila mwezi, zinatosha.

Sarafu za pande mbili

Hapa ndipo sanduku la mpakani linapotofautiana na la mjini. Busia mteja mmoja ana sarafu ya shilingi 20 ya Kenya na mwingine ana ya shilingi 500 ya Uganda. Mutukula kuna shilingi 200 na 500 za Tanzania upande mmoja, na 500 na 1,000 za Uganda upande mwingine.

Vipokea sarafu vinavyofundishika vinaweza kuzitambua zote. Unakifundisha kwa kutumbukiza sarafu kadhaa za kila aina, nacho hukariri ukubwa na madini yake. Kisha kila aina unaipa idadi ya mipigo ya umeme, mathali mpigo mmoja kwa sarafu ndogo na mitano kwa kubwa. Kompyuta huhesabu mipigo na kujua kilichoingia.

Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, kifundishe kwa sarafu mpya na zilizochakaa. Kenya ilitoa sarafu za sura mpya Desemba 2018 huku za zamani zikiendelea kutumika, kwa hiyo zote ziwemo. La pili, jaribu kukidanganya wewe mwenyewe kwa sarafu za nchi zote jirani. Sarafu ya thamani ndogo ya upande mmoja inaweza kukaribiana kwa ukubwa na ya thamani kubwa ya upande wa pili. Ukiona inachanganya, ongeza ukali wa kipimo au iache moja. La tatu, viwango vya kubadilisha fedha viwekwe kwenye faili ambalo mwenyewe unaweza kulirekebisha. Shilingi moja ikishuka nawe usibadilishe kiwango, wabadilisha fedha wa mpakani watajua kabla yako, na sanduku litajaa sarafu za upande ulioshuka.

Fikiria pia sarafu hizo zitakwenda wapi. Wabadilisha fedha wengi hupenda noti. Njia rahisi ni kuzitumia kama chenji kwa wateja wa upande zinakotoka.

Ambako sarafu hazitumiki, kama Goma na miji mingine ya Kongo, ambako watu hulipa kwa noti za faranga na za dola, tumia tokeni. Mteja ananunua tokeni kaunta kwa noti au kwa pesa ya simu, kisha anaitumbukiza. Mwenye baa huzihesabu usiku, na hakuna ubishi wa viwango kwenye mashine.

Kwa fundi kuna onyo moja kubwa. Kipokea sarafu hutumia volti 12, lakini pini za kupokelea ishara za Raspberry Pi zinastahimili volti 3.3 tu. Vikiunganishwa moja kwa moja, kompyuta inaweza kufa siku hiyohiyo. Kati yake pawekwe kitenganishi cha mwanga, mathali PC817, ambacho hupitisha ishara kwa mwanga bila umeme wa pande mbili kugusana. Ni kijidude cha bei ndogo sana kinacholinda kifaa cha bei kubwa kuliko vyote ndani ya sanduku.

Umeme ukikatika

Umeme wa mipakani tunaujua. Kukatika kwa ghafla kunaweza kuharibu memori kadi kama kompyuta ilikuwa ikiandika kitu wakati huo, na asubuhi sanduku haliwaki. Tiba ni mbili, na zote zitumike.

Ya kwanza, mfumo wa kompyuta uwekwe katika hali ya kusomwa tu. Raspberry Pi ina mpangilio huo tayari. Nyimbo na daftari la mapato vikae kwenye flashi tofauti, na nakala ya pili ya kila kitu ibaki nyumbani.

Ya pili, jenga sanduku zima kwa volti 12. Amplifaya na kipokea sarafu vinatumia volti hizo moja kwa moja, na kibadilisha volti kidogo kinaishusha hadi 5 kwa ajili ya kompyuta. Hapo huhitaji inveta. Sanduku linalokula wati 30 kwa wastani, likiungwa kwenye betri ya asidi ya 12V na saa-ampea 100, na ukitumia nusu ya chaji ili usiiue betri, litafanya kazi saa zipatazo 20. Paneli ya sola ikiichaji mchana, umekwisha kuachana na kelele za jenereta.

Seremala atumie mbao au plaiwudi ya unene wa milimita 18 na aache matundu ya hewa yenye wavu, kwa sababu vumbi na joto huua kompyuta polepole. Kisanduku cha pesa kiwe na kufuli lake peke yake. Fundi anayekuja kurekebisha spika hana haja ya kuona sarafu.

Nyimbo ni za nani

Muziki wa ukanda huu ulivuka mipaka zamani, kabla Mkataba wa Jumuiya haujatiwa saini Novemba 30, 1999. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga na kujenga jina la Simba Wanyika Nairobi. Orchestra Super Mazembe walitoka Kongo na kufanya makao yao Nairobi. Nyimbo zilivuka kirahisi, lakini malipo ya waliozitunga yalisuasua nyuma.

Wengi wetu tunajaza flashi kwenye kibanda cha nyimbo na kudhani tumezinunua. Hata wimbo ulioununua kihalali mtandaoni ni wa kusikiliza mwenyewe. Kuupiga hadharani mahali pa biashara kunahitaji leseni. Sheria ziko: ya Tanzania ni ya mwaka 1999, ya Kenya ni ya 2001 na ya Uganda ni ya 2006. Pa kuanzia kuuliza ni COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya, UPRS kwa Uganda na RSAU kwa Rwanda.

Leseni ya nchi moja haivuki mpaka pamoja na sanduku. Ukilihamisha kutoka Busia ya Kenya kwenda Busia ya Uganda, hata kama ni mwendo wa dakika kumi, umeingia chini ya sheria nyingine. Kabla ya kuliweka, muulize mwenye baa kama analipia leseni ya muziki na kama inagusa sanduku la sarafu. Jibu likae kwa maandishi.

Na kwa kuwa sanduku linameza sarafu, mkaguzi anaweza kulitazama kama mashine ya kamari. Usimpe sababu. Kila sarafu iliyoingia itoe wimbo. Pasiwe na zawadi, bahati nasibu wala taa za kuchezesha namba. Bei iandikwe mbele kwa herufi kubwa.

Kwenye geti la forodha

Vifaa vya kielektroniki vilivyoagizwa nje ya Jumuiya hulipiwa kodi vinapoingia, na kuvivusha kwa mkoba hakuvigeuzi kuwa bidhaa za Afrika Mashariki. Tunza risiti za duka na za forodha. Ukivuka mpaka wa pili bila karatasi, unaweza kudaiwa tena.

Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Kabati la mbao la seremala wa Bukoba na kompyuta iliyotoka Uingereza havitazamwi kwa jicho moja. Kwa hiyo kabla hujaahidi bei kwa mteja wa ng'ambo, uliza dawati la taarifa za biashara mpakani sanduku lililokamilika linahesabiwaje.

Kama unalipeleka kwenye harusi au maonesho na litarudi, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kuingiza kitu kwa muda, kwa masharti. Liorodheshwe kwa namba zake wakati wa kwenda, ili wakati wa kurudi usiambiwe unaingiza mali mpya.

Hesabu ya mtaji

Tufanye hesabu ya mfano kwa shilingi za Tanzania. Tuseme sanduku limekugharimu 600,000 na wimbo mmoja ni 200. Zikipigwa nyimbo 40 kwa siku, zinaingia 8,000. Mwenye baa anachukua nusu, unabaki na 4,000. Weka kando 1,000 kwa leseni, umeme na matengenezo. Zinabaki 3,000, na mtaji unarudi kwa siku 200.

Sasa punguza nyimbo ziwe 20. Zinaingia 4,000, fungu lako ni 2,000, na ukitoa ile 1,000 unabaki na 1,000. Mtaji unahitaji siku 600. Idadi ya nyimbo imepungua nusu, lakini muda umeongezeka mara tatu. Ndiyo maana mahali pa kuliweka pana uzito kuliko ukubwa wa spika. Kaa kwenye baa hiyo jioni tatu, ya katikati ya wiki, ya wikendi na ya siku ya gulio, uhesabu watu kabla hujanunua hata waya.

Likishaanza kazi, usisahau lile faili linaloandika kila tukio. Kila Jumatatu lifungue mbele ya mwenye baa na mlinganishe na sarafu zilizo kwenye kisanduku. Faili hilo litakuonyesha kama siku ya gulio walionunua nyimbo ni Waganda au Wakenya, na saa ngapi rumba inaipita Bongo Fleva. Mwanamuziki wa mjini kwenu aliyekupa nyimbo zake kwa makubaliano ataona zimepigwa mara ngapi, na mkaguzi wa leseni atapata jibu lililoandikwa. Simu ya mhudumu haikuwahi kuweka hesabu ya namna hiyo.